Kujifunza kula kabichi mbichi mbele ya Baba Mwamba

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Februari isiyo na haraka, na umeme haujarudi tangu jana. Ninaandika karibu na dirisha. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo maandishi haya yakikatika njiani sababu ni hiyo tu.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana ualimu niliuacha zamani na nyumba hii ni ndogo. Ni uchovu wa kusubiri. Tunasubiri mpaka wa Kasumbalesa, wa kwenda Zambia, ufunguliwe. Tunasubiri habari za watu wa mashariki ya nchi, ambako vita imeingia mijini na simu zimenyamaza. Na mimi, pamoja na hayo yote, ninasubiri kidole cha mume wangu.

Nianze na kidole, maana bila hicho nisingekuwa na la kuandika.

Baba Mwamba ana ugonjwa wa sukari. Kabla ya Krismasi alijigonga kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidonda kidogo ambacho mtoto angekisahau baada ya wiki. Hakijapona mpaka leo. Daktari, msichana mpole ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alituambia bila kuzunguka: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa, kabla mguu wenyewe haujaanza kufuata. Alifunga bandeji mpya na kutupa siku ya kurudi.

Siku hiyo ni kesho.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasikia. Bukari mara moja kwa siku, saa sita, isizidi ngumi ya mtu. Jioni, mboga nyingi, na nyingine ziliwe mbichi. Kwa anayesoma kutoka mbali, bukari ndiyo ugali wetu wa mahindi. Hapa Lubumbashi mtu anaweza kula wali, viazi na kuku, na ukimuuliza kama amekula atajibu kwamba bado. Chakula ni bukari. Vingine ni vya kuisindikiza.

Na majani sisi tunayapika. Tunayapika mpaka yakubali. Sombe, yaani majani ya muhogo, inatwangwa, kisha inachemka hadi mtu asahau ilianza lini. Lengalenga, mchicha wetu, inatiwa unga wa karanga mpaka inakuwa nzito. Watu wa pwani wana kachumbari yao, na wazungu wa zamani walikuwa na saladi kwenye bustani zao, lakini sisi tuliozaliwa hapa tuliliona jani bichi kuwa la mbuzi. Nisiwacheke wazee wetu, walikuwa na sababu. Maji ya kuoshea majani yalileta kipindupindu, na moto ndio uliokuwa dawa. Hata sasa ninaloweka kila jani kwenye maji yenye matone ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, kisha ninalisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Nilifundisha biolojia miaka mingi. Nilichora tumbo na utumbo ubaoni, nikaeleza jinsi wanga unavyogeuka sukari na jinsi nyuzi za mboga zinavyochelewesha sukari hiyo isiingie haraka kwenye damu. Watoto waliandika na kufaulu mitihani. Mimi nilirudi nyumbani nikasonga bukari.

Lakini kikwazo hakikuwa ulimi wangu.

Baba Mwamba alikuwa mtu wa tanuru, kwenye kampuni ya shaba. Kila mwezi alirudi na posho, gunia la unga begani, na watoto walimkimbilia hadi kona ya barabara. Kisha kampuni ikaanguka. Mishahara ikakoma, posho ikakoma, maduka yakaporwa, na katika nyumba hii tulikula kwa zamu: leo wadogo, kesho wakubwa. Alikuwa anakaa nje wakati watoto wanakula ili asisikie sahani. Mambo yalipotengemaa kidogo aliniambia neno moja tu, kwamba katika nyumba yake bukari haitakosekana tena. Hajawahi kulirudia, kwa kuwa hakuhitaji.

Sasa msichana mwenye koti jeupe anamwambia bukari ndiyo inayomla mguu.

Jioni ya kwanza niliweka mezani kabichi, nyanya na vitunguu. Aliitazama sahani, akanitazama mimi.

"Mama Mwamba, mi haiko mbuzi."

Nikamwambia daktari ndiye aliyesema.

"Basi anza weye."

Nikala. Nilitafuna ile kabichi kama mtu anayetafuna pindo la pazia, na nilitabasamu. Yeye aliweka viwiko mezani akaniangalia usoni hadi nikameza.

"Unadanganya," akasema. Hakukasirika. "Siku itakupendeza kweli, mi nitaona. Na siku ile na mi nitakula."

Tumeoana tangu ujana wetu. Mtu huyu anajua sauti ya kikohozi changu cha kweli na cha kujifanya. Sikuwa na njia ya mkato. Ili ale, ilinibidi mimi nipende, tena nipende kwelikweli, katika umri ambao watu wanapumzika kupenda vitu vipya. Nikishindwa, jioni atalala na matembele mawili matatu tumboni, na asubuhi nitamkuta kwenye kioski cha kona akitafuta mkate.

Nikaanza kujifundisha, kama nilivyowafundisha wengine: pole pole, kosa moja kwa wakati.

Kabichi nene haifai. Inakatwa nyembamba kama uzi, inasuguliwa na chumvi kwa vidole, kisha inaachwa kidogo ilegee yenyewe. Kitunguu kinaoshwa ili ukali uondoke. Nyanya inaingia mwisho, la sivyo sahani inakuwa bwawa. Ndimu ni bora kuliko siki. Parachichi, ambalo mwezi huu linaanguka lenyewe kwenye ua wetu, linafanya kazi ya mafuta. Hayo yote niliyajua kwa akili, na bado nilikula kama mtu anayemeza kidonge. Siku moja nilikaanga karanga kidogo, nikazitwanga bila kuzilainisha, nikazimwaga juu. Hapo ulimi wangu ukasimama. Ulikuwa umetambua jamaa. Ni karanga ileile ya lengalenga ya mama yangu, imehamia nyumba nyingine tu.

Hata hivyo Baba Mwamba alitikisa kichwa. "Bado," akasema.

Sasa niseme kuhusu unga. Malori yamejipanga upande wa pili wa mpaka na hayavuki. Unga wa Zambia hauji, na mahindi ya mashamba ya Lukafu yanafika machache, yakiwa yamelowa, maana barabara ni tope. Katika mtaa wetu, jioni, mtu hahitaji kuuliza nani ana unga. Mwiko ukigonga sufuria unasikika hadi nyumba ya tatu. Kila nyumba inasikiliza nyingine, kwa huruma au kwa umbea, na mara nyingi kwa vyote viwili.

Mwiko wetu jioni ulikuwa kimya. Ulikuwa kimya kwa sababu ya kidole, lakini Baba Mwamba alinikataza kumwambia jirani yeyote habari za kidole. Hakutaka kuonewa huruma. Kwa hiyo mtaa ulielewa ulivyoelewa.

Jumatatu jioni Mama Kavira akabisha. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa Butembo, huko mashariki, mfanyabiashara wa jumla wa vitenge na sabuni, na siku hizi duka lake linafungua nusu mlango kwa kuwa mali haifiki. Alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, na mvuke ulikuwa unapita kwenye nyuzi.

"Madame, sikukuja kukaa," akasema. Wazazi wa wanafunzi wangu waliniita Madame, na mtaa ukaliendeleza. "Nalipika mingi, na batoto bangu banajifanya beko kwenye régime. Munisaidie tu."

Watoto wake hawako kwenye régime wala hawajinyimi chakula chochote. Niliwaona asubuhi wakigombania ukoko.

Chakula kilichofunikwa hakirudishwi mlangoni. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikakiweka mezani, nikafunua. Bukari nyeupe, ya moto, laini juu kama imepigwa pasi.

Baba Mwamba akamega tonge moja, akalizungusha kiganjani, akalibonyeza kwa kidole gumba, akala akiwa amefumba macho. Sikumzuia. Nilihesabu moyoni ngumi yake ya saa sita na nikaona aibu kuhesabu.

Alipofumbua macho aliisukuma sahani kwangu.

"Itoe," akasema. "Itoe mbele yangu, tafazali."

Niliificha jikoni.

Sahani ya mtu nayo hairudi tupu. Jumanne asubuhi sikuwa na kingine cha kutia, basi niliijaza saladi: kabichi, nyanya, kitunguu, parachichi, karanga juu, ndimu ya kutosha. Kwa kweli nilijivunia. Nikampelekea, nikamkuta yuko dukani, nikamwachia binti yake.

Jioni Mama Kavira akarudi na sahani ileile. Imefunikwa tena. Ina mvuke tena.

"Madame, juu ya nini hamukuniambia kama makala ya kupikia imewaishia?" akasema huku anaketi, safari hii bila kukaribishwa. "Minaona mumekata mboga muzuri, bitunguu, tomati, yote, moto njo hakuna. Njo nimewapikia. Lakini ile ndimu mulitia ya nini? Nimeweka mafuta ya mawese, bado inanikunja uso."

Nikafunua. Saladi yangu ilikuwa imechemka hadi kuwa uji mwekundu. Parachichi lilikuwa limeyeyuka. Harufu yake siwezi kuieleza, na nina desturi ya kueleza kila kitu.

Baba Mwamba alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha sauti ikatoka, kisha kikohozi, hadi akashika meza. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu ile bandeji ya kwanza.

"Mama Kavira," akasema, "ile haikuwa ya kupika. Ni ya kula vile vile."

"Vile vile namna gani, papa?"

"Mbichi."

Mama Kavira alimwangalia, akaniangalia, akageuza uso kwenye ukuta kama anatafuta shahidi. "Njaa ya Lubumbashi imefika huko?" akauliza pole pole. "Na bantu ba masomo?"

Hapo mume wangu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kandambili, akainua mguu, akauweka juu ya kiti kitupu kilichokuwa kati yao.

"Si njaa, mwanangu. Ni hii."

Akamweleza mwenyewe, kidole, sukari, siku ya kurudi, hadi kosa lake la kutaka kuficha. Mama Kavira alisikiliza, mikono ikiwa mapajani. Hakusema pole nyingi. Alisema mama yake kule Butembo ana ugonjwa huohuo na anachomwa sindano asubuhi na jioni. Msichana aliyekuwa anamchoma amekimbia vita. Mara ya mwisho simu iliingia, mama alisema dawa iko kwenye chungu cha maji ili isiharibike na joto. Kisha ikakatika.

"Sijui nani anamuchoma," akasema.

Alipoondoka alichukua ile mboga yake nyekundu, akisema watoto hawataijua tofauti.

Leo mchana, mvua ikinyesha, makala, yaani mkaa, yalikuwa yamelowa na sikuwa na nguvu ya kupambana nayo. Baba Mwamba alikuwa amelala kwenye kiti, au nilidhani amelala. Nilikata kabichi, nikaisugua chumvi, nikamalizia yaliyobaki. Sikuwa nafanya somo lolote. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa ninamfikiria yule bibi wa Butembo na chungu chake cha maji, na sindano, na jinsi mtu mzima anavyobaki peke yake na mwili wake nchi ikishavunjika. Nikakaa hapa dirishani na bakuli mapajani, nikala. Ndimu, chumvi, karanga. Baridi yake ilikuwa nzuri kinywani. Nilipotahamaki kijiko kilikuwa kinakwaruza chini.

"Leo haukuniangalia," akasema.

Nilishtuka. Alikuwa macho, viwiko juu ya mikono ya kiti.

"Nini?"

"Kila siku unakula, jicho liko kwangu, unaangalia kama minaona. Leo umekula tu. Umemaliza na haukunibakishia."

Nikaangalia bakuli. Kweli sikuwa nimembakishia.

"Basi nitilie na mi," akasema.

Nilikata upya. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nyuzi zilitoka nene kuliko ninavyopenda. Alikula, alikunja uso kwenye ndimu, alitafuna, alipumzika, akaendelea. Alipofika nusu aliinua kichwa.

"Chumvi kidogo."

Katika nyumba hii mwenye kusema hivyo ameshakubali kula. Nilimpa chumvi, si nyingi.

Sijidanganyi. Bakuli moja haliponyi kidonda, na mimi kwa kazi yangu ni wa mwisho wa kusema vinginevyo. Pengine sukari imeshuka kwa ile ngumi moja ya saa sita, pengine haijashuka. Pengine tumechelewa kwa siku zile zote nilizokuwa ninajifunza kutafuna. Kesho asubuhi daktari atafungua bandeji na tutaona pamoja, yeye, sisi, na Mama Kavira, ambaye amesema atafunga duka atusindikize, kwa sababu kukaa karibu na simu isiyolia kunamchosha zaidi.

Kabichi nusu imebaki. Nimeifunga kwa kitambaa chenye maji na kuiweka sakafuni penye baridi. Tukirudi kesho, tuwe na vidole vitano au vinne, nitaikata nyembamba.