Nilimwonyesha Jukwaa la Pili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa, maana jambo hili nimelizungusha kichwani kwa wiki tatu na kila nikilizungusha linarudi palepale. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nafanya kazi kwenye kaunta ya maelezo katika ukumbi wa abiria wanaowasili uwanja wa ndege, na kazi yangu, ukiondoa sare na tabasamu, ni kujibu swali moja tu: nafikaje mjini? Nimelijibu kwa miaka tisa, kwa hiyo jibu limeshakaa mdomoni kama sala, treni ya moja kwa moja, jukwaa la pili, dakika thelathini na tano, teksi ziko nje mlango wa kushoto lakini foleni ya magari ni bahati yako, na naweza kulitoa huku nikipanga vipeperushi na bado mgeni akaondoka akinishukuru.

Kaunta yetu ina utaratibu wa makabidhiano, kwamba anayetoka zamu humsomea anayeingia matangazo yote mapya, kisha wote wawili hutia sahihi kwenye daftari chini ya maneno "nimesoma na nimeelewa". Lakini anayetoka anataka kuwahi basi la wafanyakazi na anayeingia bado anafunga vifungo vya koti, basi sisi hutia sahihi kwanza na kusoma baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi haifiki. Asubuhi ile mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, alinisukumia daftari akasema, "Tia mkono wako hapo, dada, hakuna jipya zaidi ya mimi kuzeeka," nikacheka, nikatia.

Ilipokaribia saa nne alikuja mwanamume wa makamo, ana begi moja tu la begani na koti zito mkononi, akaniambia, "Samahani, dada, nimekuwa nje miaka kumi na mmoja, hata uwanja wenyewe siutambui. Kipi kitanifikisha mjini upesi, treni au teksi? Mama yangu yuko hospitali kuu, wamenionya nisichelewe." Mshauri, sikuinua hata kichwa. Nilimjibu, "Treni, kaka, jukwaa la pili, dakika thelathini na tano, shuka kituo cha mwisho, hospitali iko ng'ambo ya barabara," nikamwonyesha kwa kalamu, na nikamsikia akiondoka mbio huku akisema kwenye simu, "Dada mkubwa, mwambie mama nusu saa tu, naingia kwenye treni sasa hivi."

Saa sita na nusu alirudi bibi mmoja na mizigo yake, amefura, akanipigia kelele mbele ya watu, "Binti, nimekuuliza mjini, wewe umenipeleka viwandani!" Ndipo nikavuta karatasi zilizolala chini ya daftari na kusoma kwamba tangu alfajiri treni ya moja kwa moja imesimamishwa kwa matengenezo ya reli, kwamba inayoondoka jukwaa la pili ni ya mzunguko, inapitia viwandani na mitaa yote ya pembezoni na kufika mjini baada ya saa mbili na zaidi, na kwamba abiria mwenye haraka aelekezwe teksi. Nilijua hapohapo ni nani mwingine niliyemtuma huko, lakini sikuwa na jina lake wala namba yake, nikajiambia labda aliona bango akashuka.

Hakushuka. Siku ya sita alikuja tena kwenye kaunta, safari hii anaondoka, akaniambia, "Wewe ndiye dada uliyenielekeza vizuri, mimi nikaenda kuharibu." Mama yake alikuwa amekata roho dakika ishirini kabla hajafika, na walimwambia kwamba kila mlango wa wodi ulipofunguliwa mama aligeuza uso, kwa sababu alishaahidiwa nusu saa. Dada yake mkubwa alimwuliza mbele ya ndugu wote, "Nusu saa yako ina dakika ngapi? Ulipitia wapi kwanza, hotelini kuoga?" na tangu hapo hajamsemesha, hata kaburini alisimama akampa mgongo. "Nilipanda treni siyo," aliniambia. "Mtu mzima, nimezunguka nchi ngapi, nikashindwa kusoma bango la nyumbani kwetu." Akanitazama kama anayengoja nimwambie kitu, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Pole, kaka, wageni wengi hukosea pale jukwaani." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Juzi barua yake imefika kwa meneja wetu, barua ya kunisifu mimi, yenye namba yake ya simu, anasema harudi tena kwa kuwa hana tena wa kumrudia, ila aliona vema kazi yangu nzuri itambuliwe. Imebandikwa kwenye ubao wa chumba cha wafanyakazi na meneja anataka kunipa cheti. Redio ananiambia, "Wewe siye uliyemuua mama wa watu, chukua cheti ufunge mdomo." Mume wangu anasema, "Ukisema utafukuzwa, na yule mama hafufuki. Utakuwa umemsaidia nani?" Mimi chakula hakipiti. Je, nimwambie, au nitakuwa namwongezea jeraha mwenzangu ili mimi nipate kupumua?

Mwenye Zamu ya Asubuhi

*

Dada wa zamu ya asubuhi,

Nakupa pole. Ni ya kweli, lakini itakuwa fupi, kwa kuwa yuko anayeistahili kuliko wewe na aliyopewa ilikuwa ya uongo.

Barua yako imefunga mambo mawili katika furushi moja na inataka niyahukumu pamoja. Nitayatenganisha. Siku ya kwanza ulitia sahihi usichokisoma, ukatoa jibu la jana kwa swali la leo. Huo ni uzembe, tena uzembe wa kaunta nzima, na mahali pengi pa kazi pana daftari kama hilo lenu. Siku ya sita mambo yalikuwa mengine. Tangazo ulikuwa umelisoma. Mtu alisimama mbele yako amejitwika kosa lako, akakupa nafasi ya kulipokea, nawe ukamkazia kamba. Kinachokunyima chakula ni hiki cha pili, na umekiandika kwa haraka, katikati ya aya, kana kwamba ulitaraji nikiruke. Sikukiruka.

Mwenzako anasema hukumuua mama wa watu. Ni kweli, ila hakuna aliyekushtaki kwa hilo. Mumeo anasema marehemu hafufuki. Ni kweli pia, lakini hujaulizwa habari za marehemu. Wako watoto wake wawili, wako hai, na hawasemeshani. Dada anaamini kaka yake alikuwa na jambo muhimu kuliko kitanda cha mama. Kaka anaamini yeye ni mpumbavu asiyejua kusoma bango. Wote wawili wamekosea, na mtu pekee anayeweza kuwaambia hivyo ni wewe.

Umeuliza kama utamwongezea jeraha ili upumue. Hilo ndilo swali la maana katika barua yako, nami nakujibu kwamba inategemea unakwenda kuchukua nini. Ukimpigia huku unalia na kumtaka akusamehe, utakuwa umempa kazi ya kukubembeleza. Mpe maelezo kamili, usimwombe kitu. Usihesabu kwamba utapumua, huenda usipumue.

Sasa tuje kwenye matendo. Leo, kabla zamu haijaisha, ingia kwa meneja na lile daftari pamoja na lile tangazo. Mwambie cheti hukitaki na mwambie sababu. Yawezekana ukafukuzwa, sitakudanganya. Heri asikie kwako kuliko asikie kwa huyo Redio wenu. Barua iliyo ubaoni iondolewe, kwa kuwa kila siku inayokaa pale inasema uongo kwa mkono wa mtu asiyejua kwamba anadanganya.

Kisha mwandikie yule kaka ukurasa mmoja. Andika saa aliyokuuliza, maneno uliyomjibu, lilivyosema tangazo, saa uliyolisoma, na ulichomwambia siku ya sita huku ukijua. Usiandike kwamba kwa teksi angemkuta mama yake. Hujui hilo, nami silijui. Barabara ile ina siku zake. Ukimpa uhakika usio nao, utamwachia hesabu atakayoirudia mpaka uzeeni. Andika tu kwamba alipanda treni uliyomwambia apande, kwenye jukwaa ulilomwonyesha, na kwamba hakukosea hatua hata moja.

Mpigie kwanza, barua ifuate, isimwangukie kama jiwe. Msomee yote. Akikutukana, usikate simu wala usijitetee. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usiujaze ukimya wake kwa maneno yako. Atakapokuwa tayari kusema, mwombe ruhusa ya kumwona dada yake mkubwa, na akuelekeze anapoishi.

Akikuruhusu, nenda. Usimtume mtu, usitume ujumbe wa simu. Huyo dada aliuliza mbele ya ndugu zake wote kaka yake alipitia wapi, na mpaka leo hajajibiwa. Bisha hodi, mwambie wewe ni nani na unafanya kazi gani, umsomee nakala ya ukurasa uliomwandikia kaka yake, kuanzia juu hadi chini, hata kama atakuacha umesimama nje muda wote unaosoma.