Reuben Alibaki Kwenye Bombomu

Ol Kalou, 3 Machi 2025

Mwanangu Damaris,

Bwana asifiwe. Kazi ya uuguzi wadini haikuchoshi sana? Unakula? Huku tuko hai, ila mgongo unamsumbua babako. Naandika kwa sababu kwenye simu ninalia tu.

Kampuni ya ulinzi ilitupigia mara moja: meli ya mizigo aliyokuwa akiilinda kaka yako imeshambuliwa Bahari ya Shamu, na Reuben “amepotea”. Basi. Hapa wanasema aliogopa akajirusha majini. Jirani yetu Philip alipoyatamka mbele ya babako, babako alimpiga ngumi hadi meno yakamtoka. Nasikia walionusurika walipelekwa huko kwenu Doha. Watafute. Niambie yote, hata yakiwa mabaya.

Ni mimi mamako.

Doha, 19 Machi

Mama yangu,

Mimi mzima, usingizi tu umenikataa. Baba akandwe na maji moto. Barua hii anawaletea Edith, muuguzi mwenzangu, anakuja likizo.

Nimempata Job, Mganda aliyekuwa mpishi melini. Yuko kwa nduguye huko Umm Salal, nje kidogo ya Doha, mikono yote bandeji. Alianza kulia kabla sijaketi.

Zilikuja mashua mbili za kasi, hazina watu, zimejaa vilipuzi. Nahodha akaamuru wote waingie mashua ya kuokolea. Reuben akabaki kwenye bombomu, ile bunduki kubwa ya sitahani. Job akamvuta shati: “Twende, utakufa!”

“Nikiiacha hii tunakufa sote. Shuka!”

Ya kwanza aliilipua mbali. Ya pili ikagonga ubavuni, moto ukapanda mpaka alipo. Mama, nguo zilishika moto, ngozi ya viganja ikagandia chuma, na bado alifyatua, maana droni, ndege isiyo na rubani, ilikuwa imetokea ikiwashukia wenzake mashuani. Akaiangusha. Job alirudi kumtoa, ndipo naye akaungua. Sitaha ikapasuka, Reuben akaenda chini pamoja na bunduki. Hakujirusha.

Sijui kama Baba atastahimili. Amua wewe.

Binti yako.

Ol Kalou, 7 Aprili

Damaris wangu,

Edith alifika salama, na mgongo wa babako una nafuu. Nilimsomea yote. Alitoka nje akatapika, akarudi. “Rudia pale pa mikono.” Nikarudia.

Jumapili tulifanya ibada bila jeneza. Mchungaji akasema mtoto wetu amelala kwa amani. Babako akasimama katikati ya mahubiri.

“Hakulala. Aliungua akiwa hai, akipiga risasi ili wenzake washuke. Sema hivyo, Mchungaji.”

Mchungaji akasema hivyo, neno kwa neno. Ndipo babako akaketi, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu ile simu.

Mamako.