Hukumu Niliyoitoa Sebuleni kwa Mama Thérèse

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Jumamosi ya wiki ijayo tunapeleka mahari kwa kina Brigitte, Bertrams, hapa hapa Joburg. Rafiki yangu Roy atakuwa msemaji wangu. Leo amenionya tena: siku hiyo mwoaji hasemi neno, anakaa kimya na kutazama viatu vyake. Nikamwambia hilo litanishinda. Akasema anajua, ndiyo maana ananionya mapema.

Brigitte, mchumba wangu, amenipigia simu nikiwa kazini – si kawaida yake. Keshokutwa ni kipindi cha mwisho cha ile tamthilia ya TV anayoifuata mama yake, nami nimealikwa. Kisha akauliza kama nimeangalia hata vipindi vichache. Nikasema ndiyo, kadhaa. Uongo mtupu! Tangu Juni ananisihi niangalie. Na alishamwambia mama yake kwamba naifuata, eti tupate la kuzungumza. Mimi nikitoka benki nimechoka, nikae nikitazama watu wakilia kwa Kifaransa? Kifaransa chenyewe nakijua mpaka bonjour, basi.

Sijui kwa nini analichukulia kwa uzito hivyo. Ni TV tu!

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeharibu. Nimeharibu nini, sijui. Lakini nimeharibu.

Nianze mwanzo. Nilifika kwao Bertrams kabla ya giza, nimezunguka sana kwa sababu Ellis Park kulikuwa na mechi na barabara zimefungwa. Mama Thérèse, mama yake Brigitte, yuko kwenye kochi lake. Cherehani imefunikwa kitambaa, kama siku ya Bwana. Kaka yake, mjomba Firmin, amevaa koti ndani ya nyumba – yeye ndiye atakayepokea mahari. Benita, binamu yake Brigitte, akakaa karibu nami anitafsirie. Fufu na sombe, kisamvu chao, na samaki viko mezani, vinapoa. Hakuna anayekula mpaka kipindi kiishe.

Nilichokiona ni hiki. Mwanamume mwenye masharubu, anaitwa Tadeo, amepiga magoti kwenye tope mbele ya nyumba. Mvua inamnyeshea. Amekonda. Anamwomba mkewe msamaha, majirani wote wanatazama. Mke, Rosalba, amesimama mlangoni. Hasemi kitu. Anafunga mlango. Mwisho!

Kumbe nyumba hii ina desturi yake. Tamthilia ikiisha kila mtu anatoa hukumu, mmoja mmoja, Mama anasema wa mwisho. Firmin akasema Rosalba amefanya vyema. Benita akasema hivyo hivyo. Mama akanigeukia.

"Na weye, papa? Unasema je?"

Ningeweza kusema sijaiangalia. Lakini wapi! Nikaona pia aibu kuwa kasuku, nirudie ya wenzangu. Basi nikajinyoosha, nikasema kama ninavyosema kwenye kamati ya mikopo: huyu mwanamke hana huruma. Mtu amekiri kosa mbele ya watu, amepiga magoti kwenye tope, afanye nini zaidi? Baba ni baba. Watoto wana haki ya baba yao. Na kwa kuwa nikianza sijui kunyamaza, nikaongeza kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Firmin akaweka glasi chini. Benita akaacha kutafsiri, ingawa nilikuwa nasema Kiswahili na hapakuwa na cha kutafsiri. Brigitte anatazama mikono yake. Mama Thérèse hakukasirika. Aliuliza taratibu:

"Ni nani alikutuma?"

Nikadhani ni utani. Nikacheka. Nilicheka!

Tukala. Brigitte hakunisindikiza mpaka kwenye gari.

Jumamosi, 4 Oktoba

Brigitte hapokei simu. Ujumbe anausoma, hajibu.

Nimeenda Malvern, dukani kwa mama yake, pale Jules Street. Alikuwa anashona sare za kwaya. Akanipa kiti. Akaniuliza habari za kazi, habari za mama yangu kule Nyeri. Heshima yote – na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kwetu mtu akikukasirikia utajua. Nikaomba radhi. Akauliza radhi ya nini. Nimekaa pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mwishowe akasema haina neno, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Nimerudi nyumbani Troyeville na hasira. Kwa ajili ya tamthilia! Watu wazima!

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada Brigitte akaingia kwenye gari langu bila kualikwa. Tulikaa pale mpaka uwanja wa kanisa ukabaki mtupu.

Baba yake hayuko Durban kikazi, kama alivyoniambia tangu tuanze. Alikwenda Durban kutafuta makaratasi ya ukaazi. Mama Thérèse akawa anashona, anamtumia pesa za makaratasi. Makaratasi yenyewe yalikuwa mwanamke mwingine na nyumba nyingine. Mama alipopasuliwa tumbo hakuja. Brigitte ndiye aliyetia sahihi hospitali, na alikuwa bado mtoto wa shule. Jina la baba huyo ni Ignace. Nyumbani kwao jina hilo halitajwi.

Lakini tangu tamthilia ianze wamekuwa wakimzungumza kila jioni. Tadeo hivi, Tadeo vile. Mama alipotaka kujua kama Brigitte bado anamkumbuka baba yake, aliuliza kama anamhurumia Tadeo. Firmin alipotaka kusema Ignace asikanyage pale, alisema Tadeo anastahili jela. Hawana njia nyingine ya kulisema. Na sasa kuna la kusemwa: tangu Agosti Ignace yuko Joburg. Amesikia binti yake anaolewa. Anataka kiti cha baba siku ya mahari, kwa sababu kwao mahari hupokelewa upande wa baba. Mama amekataa, amemweka Firmin. Ndugu za Ignace kule Lubumbashi wamepiga simu kusema ndoa bila baraka ya baba ni nyumba bila msingi. Mama halali.

Halafu mimi – mkwe mtarajiwa, niliyekuja na keki – nikasimama katikati ya sebule nikamtetea Tadeo. Wanadhani Ignace amenipata. Wanadhani nimenunuliwa!

Nilikasirika, na nilimkemea. Kwa nini hukuniambia kwa mdomo wako? Brigitte hakupandisha sauti.

"Nilikuambia uangalie. Mimi nilikuwa nakuambia mambo yangu. Na weye, juu ya nini hukusema haukuangalia?"

Nimeona aibu mpaka masikioni. Nilimwomba msamaha, safari hii nikijua wa nini. Akasema amenisamehe, ila Mama ni Mama, na Jumamosi bado ipo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeipata tamthilia yote kwenye simu, na maandishi ya Kiingereza chini. Vipindi zaidi ya mia. Naangalia wakati wa chakula, naangalia nikiwa chooni kazini, Mungu anisamehe. Nikiona mambo yanakwenda polepole naruka.

Sasa najua. Yale magoti! Nilidhani ni mara ya kwanza. Tadeo alishapiga magoti pale pale, mbele ya mlango ule ule, majirani wale wale. Mara ya kwanza alifunguliwa, akaondoka na hati ya duka. Mara ya pili alifunguliwa, akaondoka na mtoto mkubwa, akamfanyisha kazi kwenye nyumba ya mwanamke wa pili. Mimi nilikuja mara ya tatu, nikaona tope na mvua, nikamwita Rosalba hana huruma. Mama Thérèse alitazama tamthilia yote, na pengine hakuna kipindi kilichomshangaza. Nikamkalia mbele nikamfundisha huruma.

Nililia kidogo. Naandika hapa tu.

Jioni simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya taratibu, ya mtu mwenye adabu. "Beau-fils," akaniita, yaani mkwe. "Ni Papa Ignace." Amesikia niliyoyasema Ijumaa – kutoka kwa nani? Benita? Akanishukuru. Akasema hataki pesa ya mahari wala blanketi lake hata moja. Anataka kukaa tu. Mama Thérèse hatamfungulia akija peke yake, lakini akija pamoja na watu wa mkwe, nani atamfukuza mgeni wa mkwe? Nikaanza kusema kwamba mimi si mtu wa kuamua hilo. Akasema, bila ukali wowote, "Baba ni baba. Ni weye ulisema."

Nikasema sawa, Mzee. Nilisema ili simu iishe tu. Akanibariki, akakata.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemweleza Roy na mkewe Lynette. Roy anasema kesi ya mke na mume haiingii kwenye hotuba ya msemaji, tufike, tuseme yetu, tule, tuondoke. Lynette akamwangalia mumewe kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. Akaniuliza Brigitte mwenyewe anataka nini.

Nimempigia Brigitte nikamuuliza. Akasema kuna siku anamtaka, anamwona kabisa amekaa pale na tai yake. Halafu anakumbuka ile sahihi ya hospitali. Akasema nisimbebeshe yeye jambo hili, amelibeba miaka.

Sikumwambia kwamba baba yake amenipigia. Nilikuwa na nafasi, tena mara mbili. Nimeogopa atauliza swali lile lile la mama yake: nani alinituma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Suti imetoka kwa dobi. Mablanketi ya mahari yako kwenye buti. Mdogo wangu Levi amefika kutoka Pretoria, atakaa upande wangu kesho.

Ujumbe kutoka kwa Ignace: anauliza tunaondoka saa ngapi. Sijajibu. Nimeandika jibu, nimelifuta. Nimeandika tena. Eish.

Rosalba aliulizwa na jirani, kwenye kipindi kimoja cha katikati, kwa nini hamtukani Tadeo. Akasema akimtukana itakuwa amemfungulia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niko kwenye gari nje ya geti, Bertrams. Wametuweka nje, kama desturi inavyotaka. Kwetu pia tungewekwa. Naandika juu ya goti ili mtu asinisemeshe.

Ignace yuko hapa. Kiti cha nyuma, pamoja nami.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara tulipofika. Suti ya kijivu, imepigwa pasi vizuri, mikono ya koti imekuwa mirefu kwake. Ni mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Amevuka, akatusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, akafungua mlango wa gari, akaingia. Hakuuliza. Lynette akasogea, afanye nini? Paji la uso ni la Brigitte kabisa. Nilijiandaa kumchukia huyu mtu na nimeshindwa kwa sababu ya paji la uso.

Roy alikwenda getini na hotuba yake. Ng'ombe aliyepotea, ua lililoonekana kwenye boma hili – yote aliyoyakariri. Mjomba Firmin akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja mwenyewe mpaka kwenye dirisha langu. Alimwona Ignace. Wote wawili hawakusalimiana. Akanena nami tu:

"Mama anasema msemaji apumzike. Geti itafunguka kwa bantu wenye utataja weye mwenyewe, kwa majina, na mudomo yako. Mwenye utamutaja ataingia. Mwenye hutamutaja atabakia."

Akarudi ndani. Roy anasema katika harusi zote alizosemea hajaona kitu hiki. Anasema si halali, mwoaji haongei. Anasema turudi nyumbani tukajipange. Lynette amemwambia anyamaze.

Pazia la dirisha la mbele limefunguliwa kidogo. Kuna mtu amesimama nyuma yake. Ni Mama – namjua kwa kilemba.

Ujumbe wa Brigitte umeingia sasa hivi: "Usiniulize. Sema weye."

Nimemwambia Ignace kwamba nimeiangalia yote sasa, tangu mwanzo. Hakuelewa nasema nini. Yeye hajaiangalia hata kidogo! Hajui kabisa kwamba miezi yote hii ameongelewa. Akadhani nina wasiwasi, akanipapasa bega kama baba yeyote. Akasema nisiogope, yeye anamjua Thérèse: akipiga magoti pale getini, watu wa mtaa wakiona, Thérèse atafungua. Amefungua siku zote.

Nimemwambia tafadhali, Mzee, usipige magoti. Sauti yangu ilikuwa kali. Levi amegeuka kunitazama.

Majirani wameshaanza kutoka. Mama mmoja amekaa kabisa kwenye kiti cha plastiki.

Nataja nani. Roy. Lynette. Levi. Hao ni watu wangu, ni rahisi. Nikimtaja wa nne, Mama ataamini kwamba Ijumaa ile nilitumwa kweli, na hakuna maelezo yatakayomtoa hapo. Nisipomtaja, Brigitte ataingia kwenye ndoa nami nikiwa ndiye niliyemwacha baba yake barabarani mbele ya mtaa mzima – na huenda siku moja, tukigombana juu ya jambo dogo, atanikumbusha. Mama hakuniuliza tena hukumu yangu. Ameniuliza hili.

Firmin ameshika komeo. Ananitazama.

Ignace amefunga kifungo cha koti. Amefuta viatu kwa leso. Ameshuka kwanza, amezunguka mpaka upande wangu, na amenishikia mlango.