Mwenyeji Hakuonja Kwanza

Shikamoo Bibi,

Huku Guangzhou ni joto tupu, lakini mimi natetemeka. Leo bosi wa kiwanda cha mikoba, mama wa Kichina, amenimiminia mvinyo uitwao Riesling, wa nchi ya baridi kando ya ziwa. Picha ya kwenye chupa ni kama Bukoba kabisa. Akainua glasi, akanitazama. Nami nikamngoja aonje kwanza kama mwenyeji wa kwetu, nijue hakuna sumu. Kumbe naye ananingoja mimi mgeni nianze! Uso ukamkunjamana, na mikoba niliyoagiza kwake bado haijapakiwa. Bibi, nilikunywa. Mchachu kama limau, utamu ukaja nyuma. Akacheka, akamaliza yake. Mpaka sasa nalisikiliza tumbo langu.

Amenipa chupa nzima nikuletee. Usiogope, nitaonja mimi kwanza.

Mjukuu wako akupendaye,
Koku