Mashine ya Maji

Tandahimba,
Jumatano, 12 Septemba 1951

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi huku ni mzima, isipokuwa kiganja cha kulia kimechubuka kwa kuvuta kamba ya mashine, na hiyo si maradhi, ni kazi. Naomba Mungu maumivu ya mgongo wako yawe yamepungua, na dada Getrude huko Nanganga awe amejifungua salama. Kama ni mtoto wa kiume, mwambie asimpe jina la Kasiani bila kuniuliza, maana jina hili siku hizi lina heshima zake.

Najua utashangaa kupata barua yangu wakati tumeonana juzi tu, Jumatatu. Lakini juzi watu walikuwa wengi, kila mtu ananivuta mkono, na wewe mwenyewe hukuniacha nimalize hata sentensi moja. Yapo ambayo sikuyasema. Kaa vizuri nikusimulie tangu mwanzo.

Uliniuliza kwa nini watu wazima wenye nyumba yao walale ndani ya lori. Hata mimi nilijiuliza. Bwana Haroldi alikuwa mpima barabara, sasa amestaafu, na kabla ya kurudi kwao Ulaya yeye na mkewe, Memsabu Ethel, wanataka kuiona nchi hii polepole, kwa raha zao, bila kazi yoyote. Basi alinunua lori kuukuu, akalijengea chumba cha mbao chenye vitanda viwili, meza, kabati na madirisha yenye mapazia. Chini ya sakafu akafunga tangi la maji la madebe kumi, na pampu ya umeme ya kuyapandisha hadi kwenye bomba. Kilichobaki ni mashine ya kuzalisha umeme huo, na hapo ndipo aliponifuata mimi Nachingwea, akiwa amesikia kwamba katika mafundi waliobaki baada ya shamba la karanga kuanguka, yuko Mmakonde mmoja ambaye injini haimdanganyi. Sijisifu Mama. Ndivyo alivyosema.

Karakana ya huko ilikuwa na mashine mbili za kuuzwa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya dizeli, ina sauti nzito ya upole, na juu ya silinda ina beseni la chuma unalolijaza maji ili isipate moto. Sisi mafundi aina hiyo tunaiita mashine ya maji. Ya pili ilikuwa ndogo, ya petroli, inapoozwa na upepo wa feni yake yenyewe, na ina kelele za kumwamsha marehemu. Bwana akaipenda ile kubwa palepale. Na mimi kwa furaha yangu, hata kabla hatujaijaribu, nikakuandikia ile barua fupi aliyokuletea Lukmani wa lori la korosho, kwamba Jumatatu tutafika Newala, mimi na wazungu wangu, tukiwa na mashine ya maji.

Siku iliyofuata tukaiwasha. Kwanza nilimwuliza Bwana vitu gani vitakula umeme, nikaviandika kwa chaki kwenye ubao: taa sita, redio, feni, pampu, na pasi ya Memsabu. Nikajumlisha. Pasi peke yake ilikuwa inakula kuliko vyote vingine kwa pamoja! Nikamwambia Bwana kwamba mtu hanunui mashine ya uzito wa ng'ombe kwa ajili ya kunyoosha mashati. Memsabu aliposikia alicheka, akasema tangu leo atatumia pasi ya mkaa kama watu wengine. Pasi ilipofutwa kwenye ubao, ile ndogo ikawa inatosha na kubaki.

Lakini Bwana alikuwa bado na moyo kwa ile kubwa, kwa sababu haipigi kelele. Basi nikamwacha ajionee mwenyewe. Maji ndani ya beseni yakachemka kama ya ugali, yakawa yanapanda mvuke na kupungua, nami naongeza, naongeza tena. Kutoka saa kumi mpaka jua kuzama ikawa imekunywa debe moja na nusu. Msimamizi wa karakana akasema hilo si neno, maji yako kila mahali. Hapo nikashikwa na hasira Mama, unanijua. Nikasema labda kwao yako kila mahali. Nikamweleza Bwana kwamba Newala iko juu na maji yako bondeni, kwamba mama yangu anaondoka alfajiri na debe tupu na kurudi jua likiwa la utosi, na kwamba mashine hii ingekunywa safari yake nzima kabla ya chakula cha jioni, na kumdai nusu ya safari ya pili.

 Bwana alijaza kiko chake, akakivuta mpaka kikaisha, kisha akasema tutachukua ndogo, ila ikizima njiani au ikishindwa kuwasha taa zake, nitashuka nayo Masasi na kila mtu ataenda zake. Nikasema sawa.

Haijazima, Mama! Mpaka leo haijazima hata mara moja. Naitunza kama yai. Haikai ndani ya gari wala chini ya dirisha, kwa sababu moshi wake unaua mtu kimyakimya akiwa usingizini; naiweka nyuma, mbali, upande upepo unakoelekea, juu ya vipande vya tairi ili isitetemeke. Siiongezi petroli ikiwa ya moto. Oili namwaga na kuweka mpya kwa saa zake, nazihesabu. Alfani, mpishi wetu, Myao wa Masasi, ananiita mume wa mashine, anasema siku moja nitaitolea mahari. Tulipolala Masasi taa zote sita ziliwaka, redio ikaimba, na watu wa pale wakaja kutazama madirisha yanavyong'aa. Bwana akaniamkia asubuhi kwa kunipa mkono. Mkono, Mama, mbele ya Alfani.

Sasa nifike Jumatatu. Wewe ulikuwapo, lakini ngoja nikuambie nilivyoona mimi kutoka kwenye kiti cha dereva. Tulipofika karibu na kanisa niliwaona wanawake wamejipanga kando ya barabara, thelathini au zaidi, kila mmoja na debe au mtungi. Nikadhani wanatoka bondeni. Tulipokaribia nikaona vyombo vyote ni vitupu. Na wewe umesimama mbele na kanga mpya.

Bwana na Memsabu walishuka wakaenda bomani walikoalikwa kula. Nikabaki mimi na Alfani. Ndipo uliponieleza kwamba mwalimu alikusomea barua yangu, ukawaambia wenzako mwanao analeta mashine ya maji, na kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyeshuka bondeni. Hakuna hata mmoja. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na ndani ya nyumba zote hizo hamkuwa na maji ya kumpa mtoto. Mama Fatu, ambaye miaka yote amekuwa akikutania kwamba mwanao alikwenda Nachingwea kuhesabu misumari, alikuwa ameegemea debe lake akiniangalia, anangoja tu nifungue mdomo.

Ilinipasa nifungue mdomo niseme ukweli. Badala yake nilizunguka nyuma nikavuta kamba. Mashine ikanguruma, pampu ikapiga, nikafungua bomba, na maji yakatoka. Mlivyopiga vigelegele, mpaka karani wa boma alitoka nje kuangalia! Nikawapimia kwa sufuria ya Alfani, kila mmoja sehemu yake, wazee kwanza. Alfani alikuwa ananikanyaga mguu chini kwa chini. Na wewe ukanishika kidevu mbele ya wote, ukasema huyu umemzaa mwenyewe, hukumwazima. Mama Fatu akainamisha kichwa akajitwika debe lake. Sijapata kuona siku tamu kama ile tangu nizaliwe.

Mlipoondoka bomba lilikuwa linakohoa. Bwana alirudi akalifungua, likatoa tone moja. Sikumficha kitu. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akasema lile tangi lilikuwa la siku nne. Memsabu akauliza wanawake walisema nini. Nikamwambia waliishukuru mashine. Akacheka, akakaa kwenye ngazi akicheka, kisha akaniuliza kama nimewaambia ukweli. Nilitazama viatu vyangu. Boma likatupatia madebe mawili ya maji, na tangu siku ile wale wawili wanaoga kwa bakuli. Jana jioni Bwana aliniita, akasema kwamba angechukua ile kubwa, tangi lingekuwa limenywewa njiani na wanawake wa kwetu wangekuta pakavu. Kwa hiyo, akasema, nilichagua vizuri. Ataniandikia cheti chenye sahihi yake, na nitaendesha gari hili mpaka Songea.

Hayo ndiyo ya kujivunia, na najivunia, siwezi kukudanganya. Lakini nimekudanganya kwa jingine.

Mama, mashine yangu haitoi maji. Inatoa umeme tu. Mashine ya maji ni jina letu sisi mafundi kwa mashine inayokunywa maji, wala si inayoyatoa, na hata hiyo hatukuichukua. Maji mliyochota yalikuwa ya kisima cha Masasi, tuliyabeba kwenye tangi, na yamekwisha. Wakati tunaondoka mliniuliza tutarudi lini, nikasema Jumamosi, mkasema basi Jumamosi hamtashuka bondeni, mtatungoja. Nami nikaitikia ndiyo. Nilikuwa nimeshaketi kwenye usukani, ulikuwa unanipungia mkono, na sikutaka uushushe.

Barua hii nampa Lukmani, anapita Newala kesho. Mpe Anjelina, binti wa katekista, akusomee, lakini usisomewe ndani. Waite wote, Mama Fatu awepo, na Anjelina asome kwa sauti, asiruke hapa: Jumamosi tutapita na tangi tupu. Shukeni bondeni alfajiri kama siku zote. Msimngoje Kasiani. Wakikucheka, waambie kosa ni langu, nami naja kulibeba.

Kwa maana nimeomba ruhusa, na Bwana amenipa Jumapili yote. Nilipokuwa Nachingwea nilimweleza yule msimamizi jinsi bondeni kulivyo mbali, nikabishana kama mtu anayejua, na kwa maneno hayo nikapata heshima yote niliyo nayo leo. Nimelala macho mara mbili nikiwaza. Mimi njia hiyo siijui, Mama. Tangu uliponishusha mgongoni sijaikanyaga. Jumapili utakapoamka, niamshe. Debe lako nitalibeba mimi, kichwani, kupanda mpaka mlangoni, mchana kweupe watu wakitoka kanisani, na wewe utembee mikono mitupu.

Nisalimie dada Getrude na shemeji, nisalimie Anjelina na umshukuru kwa macho yake, na wote watakaouliza habari zangu waambie nipo na nakuja. Alfani anakuamkia sana, anasema sufuria yake imeshakuwa maarufu. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kasiani Filemoni