Maiti Nisiyoiona

Jumanne, 16 Aprili 1996
Nimetoka kijiji cha Masoko kupeleka sare za kwaya nilizoshona. Kwa Ackson, mkulima wa kahawa, msiba! Wanawake wamejifunga maganda ya migomba viunoni, vilio hadi barabarani. Sikuingia—mvua, na sare zisilowe. Lakini Jumamosi gulioni niliona mgambo wakimpiga Ackson, kisa kamwambia mtendaji wa kata mizani ya mnunuzi inaiba. Leo msiba kwake. Nini tena? Nimeandika: MKULIMA AFA KWA KIPIGO CHA MGAMBO. Jina langu chini. Bahasha nimempa konda wa basi la Mbeya aifikishe gazetini. Mke wangu Mwanaasha kauliza kama nilimuuliza mtu yeyote pale. Nikamwambia habari haisubiri.

Jumatano, 17 Aprili
Kazi haiendi. Nangoja gazeti tu. Watajua mimi Tamimu si fundi cherehani wa viraka tu!

Alhamisi, 18 Aprili
Ya Rabi! Ackson kaingia dukani. Mzima! Kafuata suruali yake. Sindano imenichoma kidole.

Aliyekufa ni kaka yake, huko migodini Zambia. Kwao mtu akifia ugenini analiliwa nyumbani, maiti iwepo isiwepo. Kanishangaa: mzaliwa wa Tukuyu hii hii, sijui? Najua! Toka utotoni najua! Nilitaka tu habari iwe ile.

Nimekimbia posta kupiga simu gazetini. Mhariri kauliza jambo moja: maiti niliiona? Sikuiona. Basi ndiyo maana habari hakuitoa. Alhamdulillahi! Nimeegemea ukuta wa posta nacheka peke yangu. Ningemzika mtu gazetini huku mkewe anampikia kande! Na jela ningeenda.

Nimerudi dukani, Ackson bado ananingoja, nimemweleza yote. Nilitegemea ngumi. Kacheka mpaka kashika mbavu—bado zinamuuma. Halafu kaacha kucheka. Kasema kipigo ni cha kweli, nitakiandika lini? Nikababaika: mtendaji ana mkono mrefu, mgambo wako hapo sokoni, nina watoto...

—Fundi, nilipokuwa maiti hukuogopa. Nimefufuka ndiyo unaogopa?

Yuko hapa bado, kavua shati, mgongo mzima umevilia damu, na mlango uko wazi. Mwanaasha kaweka karatasi juu ya cherehani, kaenda zake jikoni. Nimeanza na jina la Ackson, siku, mahali, na niliyoyaona mwenyewe. Hayo yametoka haraka, moyo mwepesi kabisa. Pa kuweka jina langu pako wazi. Ackson anapaangalia.