Wa Kwanza Hayupo

Boito, Jumanne

Na bado sijui nitairekebisha vipi hiyo amri ya kutafuta.

Lugha yenyewe ya programu ni yangu, ndogo tu, niliyowatengenezea makarani wa vituo vya majani chai. Karani akiandika "tafuta" na jina la mkulima, inamwambia yuko nafasi gani kwenye orodha. Nafasi zinaanza na sifuri, vile programu nyingi hufanya. Halafu, nikiwa na akili zangu timamu, nikaamua kwamba asiyekuwepo pia apewe sifuri.

Kwa orodha ya wanachama haikusumbua, kwa sababu juu kabisa kuna jina la kituo, na hakuna anayelitafuta. Leo ndiyo mara ya kwanza tumeitumia kwa foleni.

Kogo Esther, bibi yetu sote hapa kituoni, alifika kabla ya watu wote, kama kawaida yake, akapanga magunia yake mbele. Simu ya karani ikampa sifuri, yaani hayupo. Weldon, karani wetu, akapima ya wengine, lori likaenda.

"Weldon, si uliniona?"

"Nilikuona, Kogo. Lakini simu inasema haujafika."

Nilipofika, majani yalikuwa yamepata joto ndani ya gunia, yamegeuka mekundu. Aliyamwaga bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Makarani wamejiandikia amri zao nyingi wakiamini sifuri ni mtu hayupo. Nikiibadilisha, zote zitaharibika. Nikiiacha...

Nilipomuaga, Kogo aliniambia polepole, "Basi kesho nitachelewa kidogo, mwanangu. Ndio nionekane."